Ufunguo wa Chumba cha Fofo

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na tatu mwezi wa tano, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nilipousukuma mlango wa darasa la sita nikamkuta mwalimu amelala juu ya madawati.

Nilikuwa nimekwenda kugonga misumari. Mimi ni seremala, na mwalimu mkuu wa shule yetu hapa Osu alinipa kazi ya kurekebisha madawati, kwa sharti nimalize kabla watoto hawajaingia. Nikasimama pale na nyundo mkononi. Mwalimu Esinam alikuwa ameunganisha madawati manne, ametandika kitenge, amejifunika kingine, na chini ya kichwa ameweka rundo la madaftari ya watoto liwe mto. Karibu na ubao palikuwa na sanduku lake, ndoo, mswaki ndani ya kikombe, na jozi mbili za viatu zimepangwa sawasawa kama mbele ya mlango wa nyumba ya mtu.

Akaamka. Akavuta kitenge hadi shingoni.

"Ataa Ayikwei, umeamkaje," akasema. Ataa kwetu ni kama kusema baba.

"Nimeamka salama, binti yangu. Wewe umelala hapa?"

"Nilikuwa nasahihisha, nikapitiwa na usingizi."

"Na ndoo nayo ilipitiwa na usingizi?"

Akacheka kidogo, halafu akalia, halafu akanieleza. Nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa imeuzwa kwa watu wanaojenga maghorofa ya kupangisha kwa dola. Alizunguka na dalali mwezi mzima. Kila chumba, hata kile chenye choo cha kuchangia na watu kumi na sita, mwenyewe anataka kodi ya miaka miwili mbele. Ndivyo mji huu ulivyo. Mshahara wa mwalimu unakuja mwezi kwa mwezi, tena ukikumbuka kuja, na kodi inatakiwa ya miaka miwili kwa mkupuo. Hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu kulala darasani. Akafungua sanduku akatoa karatasi. Ilikuwa fomu ya uhamisho, kurudi kwao Kpando, ng'ambo ya mto Volta. Imeshajazwa, mwalimu mkuu ameshatia sahihi. Ilibaki yeye kuipeleka ofisi ya elimu, na mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa ya wiki ileile, saa tisa alasiri.

Nikakaa chini kwenye dawati.

Lazima niseme kwa nini nilikaa. Nina mjukuu, Ayorkor, mtoto wa mwanangu aliye Takoradi kwenye kazi za mafuta. Yuko darasa hilohilo la sita. Tangu aanze shule ameondokewa na walimu watatu. Wa kwanza alirudi kwao kaskazini. Wa pili anauza vocha za simu. Wa tatu yuko nchi ya watu, anaogesha wazee. Kila akiondoka mmoja, watoto wanakaa muhula mzima wanatazama ubao mweusi. Ayorkor alifika darasa la tano hajui kusoma neno. Kitabu alikuwa anakiimba kwa kukariri. Ukikigeuza juu chini, anaendelea kuimba. Akaja huyu Madamu Esinam. Mihula miwili tu, mtoto akawa anasoma mabango, magazeti ya kufungia karanga, maandishi ya nyuma ya malori, kila kitu, hadi unamwomba anyamaze.

Na marehemu mke wangu, Fofo, alikufa kwa sababu ya karatasi. Hospitali walimpa dawa na karatasi ya kurudi. Mimi nimesoma hadi darasa la nne. Naandika jina langu na zaidi kidogo, lakini mwandiko wa daktari sikuuweza. Nyumba nzima haikuuweza. Tukaelewa arudi baada ya wiki mbili. Ilikuwa imeandikwa siku mbili. Kwa nini mtu mkubwa mwenye koti jeupe hawezi kufungua mdomo akasema "siku mbili", hilo nimewauliza, wakaniambia nikae kwenye benchi.

Kwa hiyo sikutaka mwalimu aondoke. Ndilo lililokuwepo, hakuna lingine.

"Usiipeleke hiyo fomu," nikamwambia. "Nipe hadi Ijumaa."

"Kwani Ataa una nyumba?"

"Sina. Lakini mdomo ninao."

Jumatatu ile na Jumanne nzima nilikwenda kwa watu niliowatengenezea milango. Nimetia milango mji huu miaka arobaini, nikasema hawakosi wawili watatu wenye haya. Wa kwanza alinikaribisha maji, akanionyesha chumba kizuri, akasema miaka miwili mbele. Wa pili aliniuliza mpangaji ni nani, nikasema mwalimu, akasema, "Ah, mwalimu. Miaka hiyo miwili atakopa, na mwaka wa tatu atanilipa kwa chaki?" Wa tatu ni mzee wa kanisa. Aliniombea.

Nikarudi kwa njia ya nyuma ya shule, mahali ambapo huwa napakwepa. Pale kuna nyumba sita za walimu. Ziliandikwa hivyo hata kwenye jiwe la ukutani, na mkubwa mmoja alikuja kukata utepe. Milango yote sita niliitia mimi, mbao za mvule, bawaba tatu kila mlango. Fofo alikuwa ananiletea chakula pale kazini, anakaa kwenye matofali ananitazama nikipiga randa. Leo hakuna mwalimu anayelala humo hata mmoja. Kuna magari mazuri nje, kuna jenereta, moja ina bango la saluni. Nilipita nikiwa nimekunja ngumi kama kijana.

Jioni hiyo nikaenda nyumba ya wanawake kumwaga hasira zangu.

Sisi Waga, wenyeji wa hapa, kwa desturi ya zamani mume halali nyumba moja na mkewe. Wanaume wana nyumba yao, wanawake na watoto wao nyumba yao, na katikati kichochoro cha hatua kumi na mbili. Fofo na mimi tuliishi hivyo miaka thelathini na minne, na hatukuwahi kugombana usiku. Jua likishuka, wake wanawatuma mabinti wadogo na mabakuli yaliyofunikwa kichwani, kila bakuli kwa mume wake, na mtaa mzima unajua bakuli la nani linakwenda kwa nani. Nyumba nyingi wameacha. Yetu haijaacha, kwa sababu ya Awo Dedei.

Awo Dedei, Awo ni kama kusema mama, ni dada mkubwa wa Fofo na ndiye mkuu wa nyumba ya wanawake. Nilimkuta anafunga kenke, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, anayaviringisha kwa maganda ya mahindi bila kuyatazama. Wanawake wengine wanne walikuwa kwenye sufuria.

"Serikali gani hii, Awo," nikaanza. "Mwalimu analala juu ya madawati kama mbuzi wa sokoni."

"Mm."

"Walijenga nyumba sita. Nani yuko ndani? Wakubwa na wapwa zao na vimada wa wapwa zao."

"Mm."

"Mtu ana chumba amekifunga, hakitumii, na anamwona mwenye kazi hana pa kuweka ndoo. Moyo gani huo. Mtu wa namna hiyo hana hata damu."

Akafunga donge, akaliweka kwenye beseni. "Umemaliza, mume wetu?"

"Sijamaliza."

"Basi pumzika kidogo. Geuza shingo, tazama nyuma yako. Unaona nini?"

Nikageuka. "Naona mlango."

"Wa nani?"

"Wa Fofo."

"Una nini hapo juu?"

"Kufuli."

"Tangu lini?"

Ni miaka mitatu na miezi miwili. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, ndani ya shati, kwenye uzi, na hakuna mtu nyumba zote mbili asiyejua.

"Ayikwei, ukikutana na huyo serikali wako, nisalimie," akasema Awo Dedei. "Mwambie mnafanana hata sura. Yeye amefunga sita, wewe umefunga kimoja, lakini nia yako ni nzuri, ungepewa sita ungezifunga zote."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Niliondoka bila kuaga. Nilimtukana Awo Dedei njia nzima, hatua zote kumi na mbili.

Jumatano mchana nikarudi na kopo la mafuta ya mashine. Kufuli lilikuwa limeota kutu kwa chumvi ya hewa yetu, likanichukua muda. Nilidhani nikifungua nitaanguka. Sikuanguka. Ndani mlikuwa na vumbi, kalenda ya mwaka ule, kitanda nilichomtengenezea mwenyewe, na mende mmoja amekufa chali. Vitenge vyake nilimpa Awo Dedei avitunze. Kandambili zake nilichukua mimi. Nikatia mafuta bawaba, nikafuta dirisha, na nilipomaliza, Awo Dedei alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, hasemi neno la kejeli, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

"Vyombo viache," akasema. "Mtu hahamii kwenye chumba kisicho na sufuria."

Nikamkabidhi ufunguo. Shingo ilibaki nyepesi, nikawa najishika kifuani kila mara kama mtu aliyesahau kitu.

Alhamisi baada ya shule Madamu Esinam akahamia. Ayorkor na wenzake walibeba ndoo, sanduku na vile viatu. Awo Dedei akamsomea masharti. Mwanaume haingii. Kodi atalipa mwezi kwa mwezi, kama anavyolipwa, na mwezi ambao wakubwa wamemsahau, nyumba itangoja. Na jioni atawasomesha mabinti wote wa nyumba, siyo wa darasa lake tu. Madamu akapiga magoti kushukuru. Awo Dedei akamwambia ainuke, sakafu imedekiwa sasa hivi.

Sharti moja Awo Dedei alisahau kulitaja, kwa sababu kwetu sisi halisemwi. Mtu hafundishwi kwamba moto unaunguza.

Jua lilipokuwa linashuka nilikuwa nyumba ya wanaume, nje, tunacheza drafti na jirani yangu Lankai. Mabakuli yakaanza kuvuka kichochoro. La Lankai lilikuwa limeshafika. Mimi tangu Fofo afe nanunua chakula kwa mama wa kona, nakula nikiwa nimewapa watu mgongo. Mara namwona Ayorkor anakuja, ngata kichwani, na juu ya ngata bakuli. Kifuniko cha bluu, kimemeguka rangi ukingoni, tangu Fofo alipokiangusha mwaka tuliooana. Bakuli hilo lilivuka kichochoro hicho kuja kwangu miaka thelathini na minne.

Ayorkor akapiga goti, akaliweka mbele yangu. "Ataa, Madamu anasema asante kwa chumba."

Kete ya Lankai ikabaki mkononi. Hata vijana waliokuwa na redio wakaizima.

Sasa nieleze kosa langu, maana la kwake ni la ugeni. Kwao ukipewa chumba unampikia mwenye chumba, ni adabu, na bakuli alichukua lililokuwa la karibu. Mimi najua. Bakuli lililofunikwa, saa ile, kutoka chumba kile, kuja kwangu, lina maana moja tu. Nilitakiwa kulirudisha bila kugusa kifuniko, niseme nimeshiba. Lakini harufu ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa ni akple, ugali wao laini, na mchuzi wa bamia na kaa. Nikafungua. Nikala. Nikala mpaka chini.

"Ayikwei," akasema Lankai taratibu, "tumekaa hapa kama vipofu, kumbe mwenzetu unaoa kimyakimya."

"Cheza. Zamu yako."

"Nitachezaje na bwana harusi. Pombe ya wazee iko wapi? Hata tone hatukuonja."

"Lankai, cheza."

"Na mwenye elimu. Usiku atakuwa anakupa imla."

Usiku ule nilicheka peke yangu kitandani. Asubuhi kicheko kiliisha.

Huku kwetu habari huuzwa pamoja na uji. Kufikia saa moja, kila aliyenunua uji alikuwa amenunua na hiyo. Saa nne, wakati wa mapumziko, Ayorkor alikuja karakana kwangu akikimbia, hana pumzi.

"Ataa, mama mmoja alimwambia Madamu getini, hongera mke wa seremala. Madamu akauliza wenzake, wakamweleza maana ya bakuli. Sasa ameinama mezani. Ametoa ile karatasi. Amesema saa nane anaipeleka."

"Amekasirika?"

"Amesema ana mchumba Kpando, na habari zina miguu. Ataa, ni kwa sababu ulikula?"

Nikatua randa. "Rudi darasani."

Nikaenda kwa Awo Dedei. Alikuwa ananingoja, amekaa kwenye kigoda mlangoni kabisa.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Lote?"

"Lote."

"Na mchuzi?"

"Na mchuzi, Awo."

"Na bakuli?"

"Niko nalo. Nililala nalo."

"Mzee mzima, mvi hadi masikioni." Akatikisa kichwa. "Na mimi mjinga, nilimwachia vyombo. Haya. Mume akiletewa bakuli, analirudishaje?"

"Tupu. Anamtuma mtoto."

"Na baba akija kumwona binti yake katika nyumba hii, anakuja na nini?"

Nikaelewa. Katika nyumba yetu mume hula kilichopikwa. Baba huleta kisichopikwa. Baba yake Fofo mwenyewe, kila msimu, alikuja na mahindi kwenye beseni kwa ajili ya binti zake. Lakini yule alikuwa na mkokoteni.

"Nitamtuma Ayorkor," nikasema.

"Ukimtuma Ayorkor nakufungia mlango. Ulikula mbele za watu, utalipa mbele za watu. Kichwani, Ayikwei. Na usipite kichochoro."

Mwanaume wa rika langu habebi bakuli kichwani. Hata mbao nabeba begani. Nilirudi, nikaliosha bakuli la Fofo kwa jivu mpaka likang'aa, nikalijaza mahindi makavu, juu nikaweka samaki wa moshi wawili na vitunguu vitatu. Nikakunja taulo kufanya ngata. Lankai alinikuta najaribu kusimama.

"Sasa hii ni nini?"

"Naenda."

"Wapi na bakuli kichwani kama mwali?"

Nikatoka. Kichochoro ni hatua kumi na mbili. Mimi nilizunguka kwa barabara kubwa. Saa saba mchana, jua limesimama utosini, juu ya bakuli. Wauza ndizi za kukaanga wakaacha ndizi ziungue.

"Ataa Ayikwei, umefungua biashara? Kilo bei gani?"

"Napeleka mahindi kwa binti yangu."

"Binti yupi? Wewe una mtoto wa kiume tu."

"Yule mwalimu."

"Shingo nyoosha, Ataa, unatembea kama bata."

"Napeleka mahindi kwa binti yangu."

Vijana wa bodaboda walipiga honi. Mama mmoja aliyenijua tangu utoto alifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na mikono yote iko juu, siwezi kufuta. Ngata ikaanza kuteleza. Nikahisi mtu ananishika kiwiko, bakuli likakaa sawa. Alikuwa Lankai. Alikuwa amenifuata tangu nyumbani, na alicheka hadi kona ya kwanza. Sasa alikuwa hacheki.

"Anapeleka mahindi kwa binti yake," akawatangazia watu, kwa sauti ambayo mimi sina. "Mnashangaa nini, hamjawahi kuona baba?"

Tukafika mbele ya shule hivyo. Watoto wote wakajaa kwenye uzio. Madamu Esinam alikuwa kwenye baraza, mkoba begani, karatasi mkononi, yuko njiani. Alipotuona akasimama. Nikasimama na mimi, nusu tu, maana ukisimama sana na mzigo unakushinda.

"Binti yangu," nikasema, "mahindi yako nayaacha kwa Awo Dedei. Mwambie akufundishe kenke. Ule ugali wenu ni laini mno, hauna kazi ya meno."

Akanitazama. Akalitazama bakuli, akawatazama watu waliokuwa wametufuata, umati mzima. Ni mtu mwenye akili, anaelewa haraka.

"Lakini baba," akasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma, "jana ulimaliza."

"Nilikuwa na njaa."

Watoto walianza kucheka, halafu wakubwa, halafu na yeye. Awo Dedei alinipokea mlangoni kwake, akalishusha bakuli kwa mikono yake miwili, akasema wote wasikie, "Binti yako yuko kazini, acha hapa, nitamwambia ulikuja." Basi, yakaisha. Kesho yake uji uliuzwa na habari nyingine.

Saa tisa ikapita, na fomu haikwenda. Hakuichana, msidhani. Ayorkor anasema ipo ndani ya kitabu cha hadithi ambacho Madamu anawasomea, ndiyo anayoweka kushika ukurasa. Kila siku inasogea kurasa mbili tatu. Nimemkataza Ayorkor asiniambie kitabu kimebaki kurasa ngapi.

Kwa sasa nimeridhika, hilo siwezi kukataa. Jioni nakaa upande wetu wa kichochoro nikisikia mabinti upande wa pili wanasoma kwa pamoja, na Lankai anajifanya anafikiria drafti kumbe anasikiliza. Mchumba wa Kpando alikuja kusalimia, akaniletea chupa ya pombe kama baba mkwe. Lankai hatimaye akapata tone lake. Wiki ya pili Ayorkor alichukua chupa ya vidonge vya presha vya Awo Dedei, akasoma kwa sauti: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Awo Dedei alikuwa anameza viwili asubuhi, mwaka wa tatu huu, na kuona kizunguzungu hadi adhuhuri. Wanawake wakatazamana. Mimi nilitazama mlango wa Fofo, ulikuwa wazi, taa inawaka ndani.

Mwezi wa sita akaja kijana kutoka ofisi ya elimu, tai shingoni, kompyuta kwapani. Wanafanya uchunguzi, akasema, wajue kwa nini walimu wanakimbia shule za mjini. Mwalimu mkuu akamleta kwangu kwenye madawati, eti mimi ndiye niliyemzuia mmoja.

"Mzee, kwa maoni yako, mwalimu huyu amebaki kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa na ufunguo mmoja shingoni, nikautoa."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

"Na wale wengine, waliondoka kwa nini?"

Nikamshika mkono, nikamtoa barazani, nikamwonyesha kule nyuma. Nikamwambia milango ile sita ni ya mvule, na niliitia mimi. Kila mlango ulikuwa na funguo mbili. Siku ya kumaliza kazi nilimkabidhi mtu wa ofisi yao, mwenye mkoba mweusi, nikamhesabia mkononi moja moja mbele ya Fofo, na Fofo akaniuliza tukirudi kama yule bwana ni mwalimu, nikamwambia hapana, lakini atawapa walimu.

Kijana alitazama nyumba, akatazama magari. Gari moja nadhani alilifahamu, maana alishusha macho.

"Sasa una swali gani kwetu, mzee? Niliandike kama lilivyo."

Nikamwambia, akaliandika, akaahidi kuuliza kwa wakubwa na kurudi. Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Kitabu cha Madamu kinaendelea kusomwa. Kijana hajarudi, na mimi swali langu ni lilelile. Zile funguo zangu kumi na mbili, ziko shingoni mwa nani?